Mwanangu anaenda Sheikh, nimfungie nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa pili ni daktari wa mifugo na amepata kandarasi ya mwaka mmoja kufundisha katika chuo kilichoko mji uitwao Sheikh, kaskazini huko kwa Wasomali. Yeye anacheka tu, mimi silali. Nimeambiwa uliwahi kufundisha pande hizo. Ni mahali pa namna gani? Kuna joto kama la Wajir? Watampokea, maana sisi ni Wakristo? Na nimfungie nini?
Mama wa watano, Mwatate

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mama yangu mzazi aliniuliza maneno hayohayo mwaka nilioondoka. Nilikaa Sheikh miaka miwili, na nitakujibu kama nilivyopaona.

Tuanze na joto. Wewe ni wa Mwatate, kwa hiyo unajua kupanda Wundanyi. Unaacha joto la mashamba ya mkonge, gari linaanza kona, masikio yanaziba, na ukifika juu unatafuta sweta. Sheikh ni hivyo hivyo. Chini kuna Berbera, bandari kwenye Ghuba ya Aden, ambako mwezi wa saba upepo wenyewe ni moto. Barabara inavuka tambarare kavu, halafu inaingia milima ya Golis na kujikunjakunja hadi zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Enzi za Waingereza, maofisa walihamia Sheikh kukimbia joto la pwani. Hata leo wakazi wa Berbera wenye uwezo hufunga nyumba msimu wa joto wakapanda nyanda za juu, na safari hiyo ina jina lake, xagaabax. Mfungie sweta mbili na blanketi zito. Usiku wa Disemba meno hugongana.

Hiyo X isikutishe. Kisomali kilipata maandishi yake rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na X yao ni ile H nzito ya kooni, C ni ile ain ya Kiarabu. Xasan ni Hassan, Cali ni Ali. Akilijua hilo mapema, majina mengi kwenye orodha ya darasa lake atayatambua. Na azoee kuiita nchi hiyo Somaliland. Ilijitangaza kujitenga na Somalia Mei 1991, ina serikali yake, polisi wake na shilingi yake, na wenyeji wanalishika jambo hilo kwa uzito.

Mji wenyewe ni mdogo: nyumba chache za mawe, maduka, msikiti, mbuzi barabarani. Lakini ni mji wa shule. Shule ya sekondari ya Sheikh ilisomesha wakubwa wengi wa kaskazini. Ikafungwa nyakati za vita, ikafunguliwa tena mwaka 2003. Chuo cha mifugo anakokwenda mwanao kilianza mwaka 2002, na kiko chini ya IGAD, jumuiya ambayo Kenya yetu ni mwanachama. Kwa hiyo haendi kama mgeni wa kushangaza. Mwalimu mgeni wamemzoea.

Kwa nini chuo cha mifugo mlimani? Kwa sababu nchi ile inaishi kwa mifugo. Kondoo wao ni weupe wenye kichwa cheusi na mkia wa mafuta, na kila mwaka meli zinawapakia Berbera kuwapeleka Saudia kwa ajili ya Hija. Mwaka 2000 Saudia ilifunga mlango kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa kwanza hapa kwetu, karibu na Ziwa Naivasha, na haikuufungua hadi 2009. Ukikaa na mzee wa huko akakusimulia miaka hiyo, utaelewa kwa nini mtu anayejua kuchukua damu ya kondoo na kusoma majibu yake anaheshimiwa. Mwanao atapata heshima hiyo akiifanyia kazi.

Siku ya kwanza ya mapumziko aombe apelekwe Burao, mji mkubwa ulio mbele, aone soko la mifugo. Dalali huko anaitwa dilaal, neno lilelile letu. Mnunuzi na dalali wanashikana mikono chini ya shali, wanatazamana, hawasemi bei. Kidole kimoja kikishikwa ni moja, au kumi, au mia, kulingana na mnyama. Kiganja kizima ni tano. Nilisimama karibu nikaona shali ikitikisika, mzee mmoja akatikisa kichwa, ikatikisika tena, kisha mikono ikaachana na ngamia akaondoka na mwenyewe mpya. Watu kumi tulikuwa tumewazunguka na hakuna aliyejua ameuzwa kwa kiasi gani.

Chakula hatapata shida. Asubuhi ni canjeero, mkate mwembamba wenye vitundu, kwa samli au mafuta ya ufuta, na chai ya maziwa yenye viungo. Mchana wali na nyama ya mbuzi. Maziwa ya ngamia yatamshangaza, kwani yana harufu ya moshi. Mama mmoja jirani yangu alinionyesha chombo chake, dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi zikabana hata maji hayapiti. Alitia vijiti vyenye makaa ndani, akafunika, akakitikisa, akakung'uta majivu, ndipo akakamulia humo. Wasamburu na Waborana wetu wanafanya hivyo na vibuyu vyao, kwa hiyo asikunje uso. Anywe amalize.

Kuhusu dini nitasema wazi. Sheikh hakuna kanisa. Sheria ya nchi hairuhusu kueneza dini nyingine isipokuwa Uislamu, na pombe ni marufuku kabisa. Ibada yake ataifanya chumbani, kimya. Kwa miaka yangu miwili hakuna aliyenidharau kwa dini yangu. Mwezi wa Ramadhani nilikula nikiwa nimefunga mlango, na magharibi jirani walikuwa wakiniletea sambusa.

Na usalama, mama, sitakuficha. Oktoba 2003 walimu wawili Waingereza, mume na mke, Richard na Enid Eyeington, waliuawa kwa risasi nyumbani kwao ndani ya uwanja wa shule hiyo ya Sheikh. Aibu na uchungu wa mauaji yale watu wa mji waliniambia wenyewe, bila mimi kuuliza. Tangu hapo safari za wageni hufuata utaratibu wa askari. Mwambie asione ni usumbufu, asitoroke askari hata kwa safari ya dakika kumi, na asisafiri usiku. Hilo mkazanie kama mama.

Kumfungia: sweta na blanketi nimeshasema. Majani ya chai ya Kericho, pakiti nyingi, ndiyo zawadi atakayopeleka nyumba kwa nyumba. Kaptula ziache nyumbani.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho hakiingii begini. Huko mtu hana jina la ukoo. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na mke haachi jina la baba yake akiolewa. Watoto wadogo wanataja mababu kumi na zaidi bila kusita. Mwanao ataulizwa yeye ni wa nani, na si udadisi mbaya, ndiyo njia yao ya kumjua mtu. Mimi nilifika kwa babu wa pili nikanyamaza, na wazee wakanionea huruma kama yatima. Kaa naye jioni moja kabla hajaondoka, umtajie babu zake wote unaowakumbuka, uwaandike kwenye karatasi. Wa upande wa baba kwanza.