Maambukizi ya TB si ugonjwa wa TB

Pole sana, dada. Unauliza kwa nini kliniki huko Kayole wamesema mwanao wa miaka 3 ana maambukizi ya TB, kisha wakasema si mgonjwa. Yote ni kweli. Maambukizi ni bakteria walioingia mwilini lakini wamelala: hakohoi, hana homa, picha ya kifua ni safi, na hamwambukizi mtu. Ugonjwa ni pale wanapoamka na kuanza kudhuru mwili, hasa mapafu. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 huweza kuamka haraka, ndiyo maana akapewa dawa za kinga. Tafadhali asikatize dozi, hata akiwa anakimbia uwanjani. Akianza kukohoa, kupungua uzito au kukataa chakula, mrudishe mara moja. Na mjomba wake anayetibiwa TB naye amalize dawa zake; madirisha yafunguliwe.