Usitupe miwani ya jua kwa sababu ya skrubu

Miwani ya jua ikizeeka huanza kuharibika pembeni: skrubu inalegea, vimpira vya puani vinageuka njano na kukakamaa, mkono mmoja unapanda juu kuliko mwenzake. Lenzi zenyewe mara nyingi bado ni nzima. Hapa Kisumu jua halina huruma. Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa, iko kwenye ikweta yenyewe, na ukishuka Dunga mwanga wa ziwa unakupiga kutoka chini pia. Lenzi nzuri haitupwi ovyo.

Anza na bawaba. Ukipanda boda kila siku, mtetemo huilegeza skrubu polepole hadi siku moja inadondoka na huioni tena. Skrubu hizi ni ndogo mno, kipenyo cha milimita 1.4 hivi, kwa hiyo bisibisi ya nyumbani itaila kichwa tu. Fundi simu au fundi saa anayo inayofaa. Kaza hadi mkono ufunguke kwa ukinzani kidogo, kisha dondoshea kichwani tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Inaishika vizuri, na siku ukitaka kuifungua itakubali.

Supaglu, tafadhali, iache kabisa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi, na bawaba iliyogundishwa haikai, kwa sababu pale pana mkunjo kila unapovua miwani.

Vimpira vya puani ni rahisi: vingine hufungwa kwa skrubu, vingine hubanwa tu. Nenda na kile cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya kabla ya kulipa, na ubadilishe vyote viwili. Ule ukijani unaouona chini yake ni shaba iliyomo kwenye chuma ikigombana na jasho. Sabuni na mswaki mzee vinatosha, ila mswaki usiguse lenzi.

Sasa miwani isiyo na fremu chini, ile ambayo lenzi inashikiliwa na uzi wa nailoni. Uzi ukikatika watu hudhani ndiyo basi. Wee, mji wenye wavuvi unakosaje nailoni? Duka la vifaa vya uvuvi litakuuzia mshipi wenye unene wa karibu nusu milimita. Kila upande wa fremu una vitundu viwili. Chomoa masalio ya uzi wa zamani, pitisha mshipi kwenye kitundu kimoja na uurudishe kwenye cha pili ili ujikabe, kisha fanya hivyo upande wa pili, ukiuacha mfupi kidogo kuliko mzunguko wa lenzi. Ingiza lenzi juu kwanza. Halafu tia utepe mwembamba wa kitambaa kati ya uzi na lenzi, uuvute uzi chini hadi upande ukingo wa lenzi na kuzama kwenye mfereji wake, kisha uchomoe utepe. Jaribu kuizungusha lenzi kwa kidole. Ikizunguka, uzi umelegea, kata urudie. Kazi hii inataka subira na mwanga wa dirishani, si nguvu.

Mkono uliopinda, kama ni wa plastiki, uloweshe kwenye maji ya moto yasiyochemka kabla ya kuukunja, na lenzi ibaki nje ya maji. Joto kali hupasua tabaka lake la juu, ndiyo maana pia miwani haifai kuachwa kwenye dashibodi ya gari Julai wala Januari.

Lenzi ikikwaruzika, usidanganywe na dawa ya meno. Inasugua na kuondoa tabaka hilo hilo. Na ukibadilisha lenzi, usichague kwa weusi: lenzi nyeusi isiyozuia miale ya urujuanimno (UV) ya jua hufanya mboni kupanuka na kuiruhusu miale zaidi. Tafuta maandishi UV400. Kama bei ya lenzi mpya inazidi miwani nyingine yenye alama hiyo, nunua hiyo nyingine, na zile skrubu na vimpira vya zamani uvitunze kwenye kopo.