Choya, Chumvi na Sumukuvu: Majibu kwa Wasomaji

Shirika fulani lilituletea boksi la kemikali, likaisha muhula uleule. Tufanyeje vitendo vya kemia? (Mwalimu, Kongwa)

Pole, mwalimu, ila usikae kusubiri boksi jingine. Choya, yale maua mekundu ya juisi (rosela), iko sokoni. Chemsha kiganja kimoja, chuja, iache ipoe, kisha igawe kwenye glasi tatu. Moja kamulia ndimu, ya pili tia maji ya majivu yaliyochujwa, ya tatu iache ya kulinganishia. Ya ndimu itabaki nyekundu, ya majivu itageuka kuelekea kijani. Hicho ndicho kiashiria cha asidi na besi ambacho wanafunzi wengi hukikariri bila kukiona. Kabla hujamimina, kila mmoja aandike anachotarajia. Mimi shirika linalomnoa mwalimu kutumia vilivyopo naliwekea alama zaidi kuliko linalopiga picha na maboksi.

Vijana wa kujitolea walitufundisha kuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, haiondoki kwa kupika. Ni kweli? (Mkulima, Chemba)

Ni kweli, na wilaya yenu inajua gharama yake: mwaka 2016 sumu hii iliua watu Dodoma na Manyara. Fangasi hufa jikoni, sumu yake hubaki. Kwa hiyo kazi ni kabla ya ghala: anika juu ya turubai, chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu. Kupima ukavu, jaza mahindi robo ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Kipimo hiki kinaonyesha unyevu tu, si sumu. Na zile punje mbovu msipikie pombe wala msimpe ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa.

Binti yangu wa sekondari ana wazo la utafiti. Aende wapi? (Mzazi, Nkuhungu)

Aanze kwa mwalimu wake wa sayansi, aulizie Young Scientists Tanzania. Ni shirika lililoanza 2011 kwa kuiga maonyesho ya wanasayansi vijana ya Ireland. Wewe mzazi usimfanyie. Majaji wa maonyesho yake huuliza maswali.

Lazima nisajili NGO ndipo nianzishe klabu ya sayansi? (Mwanachuo, UDOM)

Ndani ya shule, omba ridhaa ya mkuu wa shule. Mkitaka kuwa shirika, Sheria ya NGO ya 2002 inawapeleka kwa Msajili, na ofisi yake iko hapahapa Dodoma.