Albamu ya kwanza ya Eagles ilirekodiwa wapi

Mnasema albamu ya kwanza ya Eagles, bendi ya roki ya Marekani, ilirekodiwa California; si huko, ni London. Ile ya 1972 waliirekodi studio za Olympic chini ya prodyuza Mwingereza, Glyn Johns. Tazama jalada la santuri, jina lake lipo. Na huyo Joe Walsh, mpiga gitaa, mnayedai kumsikia humo hakuwepo, aliingia kwenye bendi mwishoni mwa 1975. Wakati wa albamu hiyo ya kwanza walikuwa wanne tu: Glenn Frey, Don Henley, Bernie Leadon na Randy Meisner, na wote wanaimba, ndiyo maana sauti zikipandana zinajaa vile. Banjo ya “Take It Easy”, wimbo wa humo, ni ya Leadon. Ila wimbo wenyewe Frey aliutunga na Jackson Browne, mwanamuziki ambaye hakuwa mwanabendi.