Barua kwa mwanangu: karatasi za babu yako

Mwanangu mpenzi,

Salaam kutoka Tanga. Sote wazima, na mvua za vuli zimeanza. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umeuliza utumie karatasi ipi ya babu yako kuomba kadi ya OCI (Overseas Citizen of India), ile India inayowapa watu wa asili yake walio raia wa nchi nyingine, na je, uiombe sasa kwa pasipoti ya Tanzania, au ungoje mpaka upate uraia wa Kanada.

Karatasi ipo. Ile pasi ya zamani aliyoshuka nayo melini, yenye maneno Indian Empire, inasema wazi kwamba babu yako, Bapa wangu, alizaliwa Mandvi, Kutch, kule India. India wanamtambua mtu aliyekuwa na sifa ya kuwa raia wa India tarehe 26 Januari 1950, pamoja na watoto, wajukuu na vitukuu vyake. Wewe ni mjukuu, umo. Watataka mnyororo mzima: pasi yake, cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lake, cheti chako chenye jina langu. Hapo ndipo penye kazi, maana kwenye pasi ni Jumabhai, kwenye cheti changu ni Jooma, na kwenye cheti chake cha uraia wa Tanganyika ni Juma. Watu watatu, na wote ni yule mmoja aliyekushonea kaptula za Idi. Nimeshaongea na mwanasheria aandike hati ya kiapo.

Ila ujue unachoomba. Kadi hiyo ina neno uraia kwenye jina lake, lakini si uraia; India hairuhusu uraia wa nchi mbili. Utaingia na kutoka maisha yako yote bila kuomba viza. Kura hupigi, shamba hununui.

Hilo la sasa au baadaye ndilo lililoninyima usingizi. Nimekwambia tangu ukiwa na begi la shule: karatasi hutafutwa siku huihitaji.

Mwaka 1984 ilikuja simu ya maandishi kutoka Mandvi kwamba Dadima, mama yake Bapa, hajiwezi, na anaomba Bapa aje na mimi, mjukuu asiyewahi kumwona. Bapa pasipoti alikuwa nayo. Mimi sikuwa nayo. Mwaka mzima alikuwa akiniambia nenda kashughulikie, nami najibu kesho, Bapa, wiki ijayo, Bapa. Nilikuwa na miaka 26 na sikuwa na safari yoyote kichwani. Akasema hatakwenda bila mimi.

Ofisini wakaniomba uthibitisho wa uraia. Nikatoa cheti cha Bapa cha kuandikishwa. Afisa akakisoma, akakirudisha: hiki cha baba yako, wewe hukuandikishwa. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba uraia wangu haukutoka kwa Bapa. Sheria ya mwaka 1961 ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Tanganyika iwapo mzazi wake mmoja angalau naye kazaliwa Tanganyika. Bapa kazaliwa Mandvi. Aliyezaliwa hapa ni Ma, mama yangu, Pangani, nyumbani, juu ya kitanda cha kamba, bila cheti. Miaka yote tulimhesabu Bapa kuwa ndiye mwenye karatasi na Ma kuwa mwenye jiko, kumbe nchi hii nimepewa na Ma.

Tukapeleka barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Haikutosha. Mwishowe Ma akatuma neno Pangani, na bibi mmoja aliyekuwa jirani yao akaja na basi la alfajiri, buibui limejaa vumbi jekundu la ile barabara, mkononi kikapu cha maembe. Akasimama mbele ya meza. "Mama yake huyu maji ya kwanza kaogeshwa na mikono hii. Sasa wewe waniuliza kazaliwa wapi?" Yule afisa akaweka kalamu chini, akasema shikamoo bibi, akamvutia kiti. Nakuapia, mpaka leo nikikumbuka kile kiti nafurahi. Bibi akaweka kidole gumba kwenye wino wa zambarau, akakikandamiza kwenye karatasi, kisha akakifuta kwa ncha ya kanga. Wino haukutoka. Alirudi nao Pangani.

Pasipoti ilitoka baada ya wiki sita. Viza bado. Simu ya pili ikafika kabla yake: Dadima ameshazikwa. Bapa alikuwa anashona sare za shule. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo ya cherehani, akaendelea na mshono ule ule mpaka mwisho. Hakunilaumu. Mpaka anaingia kaburini hakunilaumu hata siku moja, na bora angenilaumu.

Kwa hiyo nasema omba sasa. Karatasi hutafutwa siku huihitaji. Ukipata pasipoti nyingine utarudi tena kubadilisha, ni usumbufu na ni gharama, lakini usumbufu wa namna hiyo unavumilika.

Lakini mimi ni mama yako, naelewa kwamba swali lenyewe ni Kanada. Ukichukua uraia wao, wa Tanzania unaondoka. Sheria yetu ndivyo ilivyo kwa mtu mzima. Habari ya hadhi maalum kwa walio nje nimeisikia, isome mwenyewe vizuri. Ukiniuliza mimi, ningesema... Hapana. Babu yako wa Leicester alishikilia pasi ya Mwingereza, halafu mwaka 1968 Waingereza wakamfungia mlango, akakaa akingoja vocha ya kuingia kwao, na hapa nyumbani tukasema yamempata ya kuyataka. Naye Bapa aliiacha Mandvi akajiandikisha hapa, na mama yake alilia kwa hilo. Kama Bapa hakukosea, wewe utakuwa umekosea nini? Lakini Ma alizaliwa Pangani, mwanangu, na yule bibi alipanda basi alfajiri. Ulimi unaniwasha. Naunyamazisha.

Nakala nitakutumia kwa simu wiki hii. Pasi yenyewe siitumi kwa posta, wala ile hati yenye kidole cha zambarau. Zipo kwenye droo ya cherehani, upande wa kushoto, chini ya bobini. Njoo uzichukue.

Mama yako