Kidonge cha kumeza ukiwa mzima

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Malindi anayeishi Uingereza. Tuna maradhi mamoja, vidonda vya utumbo mpana, haya ya kuendesha damu na kamasi mpaka mtu anaogopa kutoka nyumbani. Sasa ametulia, na hospitali anakotibiwa imemwomba ajiunge na majaribio ya kidonge cha kila siku cha kuzuia maradhi yasirudi. Watagawanywa kwa kura: wengine wapewe dawa, wengine kidonge kisicho na dawa ndani, na si yeye wala daktari wake atakayejua kapata kipi. "Kaka nahodha, nikubali?"

Dada yangu, nitakujibu, lakini nisikilize yangu kwanza.

Mimi ni mtu wa mashua hapa Lamu. Nawapeleka wageni Manda Toto, kukiwa shwari hata Kiwayu, na mashua haina choo. Mzima akibanwa hungoja tufike. Mwenye maradhi yetu hangoji, haja ikija imekuja, na mara nyingi akichutama hatoki kitu ila damu kidogo na ute. Siku moja nilimwachia baharia wangu usukani tukiwa katikati ya mkondo wa Mkanda, nikaruka majini na kikoi changu. Wageni walipiga makofi, wakadhani nawaonyesha michezo.

Zahanati niliyoanzia walinipa dawa za amiba. Nikarudi, wakanipa zile zile. Mara ya kwanza siwalaumu, amiba kwetu wapo. Lakini mtu aendeshe damu miezi na miezi, choo chake kisipimwe hata mara moja? Mtaani nako wakasema nimepigwa jicho. Nikavuka Mokowe, nikapanda basi la Mombasa (safari hiyo na tumbo lile, niacheni nisiisimulie), nikaingizwa kamera. Daktari akanionyesha kwenye skrini: wekundu na vidonda kuanzia pale mlangoni kabisa, vikipanda juu bila kuacha nafasi.

Nikaanzishiwa salfasalazini. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, tumbo likatulia, nikarudi baharini. Ila mke wangu hakushika mimba, na lawama zote akatwishwa yeye. Shangazi yangu mmoja alifika hadi kunitafutia mke wa pili. Mpaka leo linaniuma. Kumbe ni dawa! Nilipomweleza daktari alicheka kidogo, akasema salfasalazini hupunguza mbegu za mwanamume, na ukiiacha hurudi baada ya miezi miwili mitatu. Akanibadilishia mesalazini, ambayo ni ghali zaidi. Leo mwanangu anagombania usukani na baharia. Shangazi sijamwambia neno, lakini najua anasoma hapa.

Nameza gramu 2.4, zote kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha usiku. Ramadhani nameza wakati wa daku, na saumu haiharibiki. Sitafuni wala sivunji, kwa sababu kidonge kimevishwa ganda linalongoja kuyeyukia chini karibu na utumbo mpana. Ukikivunja umeimwaga dawa njiani. Damu hupimwa kila mara kuangalia figo, maana mara chache dawa hii huzidhuru. Mwezi huu nimeingizwa kamera tena na utumbo ni safi. Nimefurahi, sifichi.

Na hapa nawageukia nyinyi mnaoniandikia "nahodha, nimepona, nimeacha". Hujapona, umetulia. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliofuata wagonjwa 99 waliotulia kwa mesalazini: wasiomeza sawasawa walikuwa katika hatari ya kurudiwa zaidi ya mara tano kuliko waliomeza. Mashua hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, ikiwa haivuji. Meza. Ukiwa na raha, meza. Ukiwa harusini na biriani mbele yako, meza.

Haya, dada wa Malindi. Mimi si wa kukwambia majaribio ni kufanywa panya. Salfasalazini yenyewe Daktari Nanna Svartz wa Uswidi aliitafuta kwa ajili ya maradhi ya viungo, na mwaka 1942 akaandika kwamba inawafaa na wenye vidonda vya utumbo. Kuna watu walikubali kuimeza kabla yetu. Lakini waulize: kidonge kipya kinaongezwa juu ya dawa yako ya sasa, au kinachukua nafasi yake? Kikiongezwa, hata ukiangukia kile kitupu bado una kinga yako. Kikichukua nafasi, ukiangukia kitupu umebaki na Mungu na bahati yako. Waulize pia damu ikionekana utatibiwa nini na upesi kiasi gani, na kama watapima choo chako mara kwa mara, maana kipo kipimo cha choo kinachoonyesha utumbo umeanza kuvimba kabla hujaona chochote. Wakati wowote una haki ya kujitoa na matibabu yako ya kawaida yakaendelea.

Karatasi ya ridhaa usiitie saini siku hiyo hiyo. Ichukue nyumbani uisome kwa utulivu, na wakikwambia mesalazini utaiacha, niandikie kabla hujashika kalamu.