Maua ya Kansas kwenye vumbi la Nakuru

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Naishi Kiamunyi, Nakuru. Kila Januari bustani yangu hukauka, na pesa zote zinaishia kwa mwenye boza la maji. Binti yangu anayesoma Kansas, Marekani, ananiambia kule kuna maua ya mbugani yasiyohitaji kumwagiliwa, na yuko tayari kunitumia mbegu kwa bahasha. Je, yatashika huku kwetu?
Mkazi wa Kiamunyi

JIBU: Kuota yataota, dada. Kuchanua ndiko kwenye kesi.

Kiangazi chetu hakiyatishi maua hayo. Mbuga za Kansas zina joto na upepo wa kukausha, na mimea yake imezoea kuteremsha mizizi mbali, mingine mita 2 na zaidi. Kinachoyashinda hapa ni mchana wetu. Kule mwezi wa Juni jua hukaa angani karibu saa 15. Sisi wa ikweta tuna saa 12 Januari na saa 12 Juni. Sasa chukua rudibekia, lile ua la manjano lenye jicho jeusi katikati: huinua shina likihisi mchana umerefuka. Lisipohisi hivyo hubaki shada la majani yenye manyoya, limelala juu ya udongo miezi na miezi, nawe unamwagilia ukingoja. Wakulima wa maua Naivasha wanalijua jambo hili, ndiyo maana baadhi ya vibanda vyao huwashwa taa usiku kuyarefushia maua mchana. Kwa bili za stima za siku hizi, hilo waachie wao.

Ekinasea, lile la zambarau, nalo lina tabia hiyohiyo, tena mbegu zake huota vizuri zaidi zikikaa kwanza wiki nne hivi kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu, maana zimezoea baridi ya kwao. Ningekuanzishia gailadia, ile ya mwaka mmoja, nyekundu yenye ncha za manjano. Humea hata kwenye mchanga wa pwani ya Florida. Halafu kuna kosmosi na zinia, wenyeji wa Mexico, ambao mchana mfupi ndio raha yao. Mimi hayo ningeyapa nusu nzima ya bustani.

Hilo neno “yasiyohitaji kumwagiliwa” usilimeze hivihivi. Mche hauna mizizi ya mita 2, una uzi tu. Sia mvua ya masika ikishashika, na mbegu za gailadia uzifunike kidogo sana kwa sababu hupenda mwanga. Mvua ikikatika, mwagilia mara moja kwa wiki, polepole, mpaka ukichimba kwa kidole ukute umajimaji chini. Kikombe kimoja kila jioni kinaifundisha mizizi kukaa juujuu, na Januari itaungua. Udongo wetu wa majivu ya volkano unapitisha maji upesi, kwa hiyo tandaza nyasi kavu, ila shingo ya mche iache wazi. Samadi iwe kidogo. Ukiizidisha utapata mashina marefu yanayoanguka na maua ya kuhesabu.

Adui wako mkubwa ni nyasi ya Kikuyu. Usiifyeke, ichimbue pamoja na zile kamba zake nyeupe za chini, uziokote moja moja. Kipande cha urefu wa kidole kikibaki, kitakuwa kimerudi kabla gailadia haijachanua.

Kuhusu bahasha, binti asitume kitu kwanza. Mbegu kutoka nje huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kilichotolewa kabla hazijasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka kule zinakotoka. Kibali kikipatikana, mwambie atume gailadia peke yake. Rudibekia aendelee kukupigia picha.